Kikapu Nyuma ya Mlango

Karani wa parokia alikuwa ameapa kupunguza manunuzi mwaka huu, ndiyo maana kila akienda sokoni Iringa alikiacha kikapu chake cha nyasi za milulu nyumbani: asiye na kikapu atabebea nini? Vidole vyake vyenye wino wa mihuri vilibonyeza nyanya moja moja, vikarudisha mbili, vikachukua tatu.

"Kamwene, mama. Nikuwekee wapi?" aliuliza Veneranda, muuza nyanya.

"Nipe mfuko tu."

"Kila Jumamosi mfuko mpya! Unaipeleka wapi yote hiyo?"

Karani alilipa, akaondoka. Alipofika nyumbani alikivuta kikapu kutoka nyuma ya mlango, akiazimia kwenda nacho wiki ijayo. Kilikuwa kimejaa mifuko mpaka inamwagika. Akashika kiuno, asijue aiweke wapi, mpaka likamjia wazo la kununua kikapu kingine.