Nusu ya Paa

Fundi cherehani mstaafu alianza kukwangua kuvu ya kijani kwenye paa la nyumba yake, pale ngazi ilipoegemea, akapanda nayo kigae kwa kigae, akimwaga maji ilainike. Katikati ya paa aligeuka, akaona njia yote ya kurudi kwenye ngazi ilikuwa imelowa, inateleza kama sabuni.

“Mama watoto,” aliita kwa sauti ndogo, “nimekwama huku.”

“Si ulisema kazi yenyewe haihitaji fundi?” mkewe alijibu, lakini keshapanda ngazi na magunia makavu. Akayatandaza juu ya vigae, akayashikilia kwa mikono miwili. “Kaa. Shuka kwa makalio, nitazame mimi.”

Alishuka hivyo, jasho likimtiririka. Hadi leo nusu ya juu ya paa ingali kijani, na hakuna anayeitaja.