Mchoro wa Kufungua Simu ya Kaka

Simu ya kakangu imefunguka leo. Laiti ingebaki imefungwa.

Tangu tumzike juzi tunaijaribu, tupate picha zake tu. Tumechora herufi ya jina lake, ya mkewe, ya mama. Wapi!

Leo bintiye Zuhura, miaka saba, akaichukua, akachora kijumba kwa kidole. Ikafunguka.

"Humfungulia baba akiendesha tuktuk," akasema.

Siku ile ya ajali Zuhura alikuwa shule. Kaka akajifungulia mwenyewe, palepale barabara ya Malindi, lori liko mbele.

Wallahi, kwenye kioo cha simu ni ujumbe wangu: "Mbona hujibu? Niletee nazi mbili."

Chini yake alikuwa ameanza: "Haya dada, na"

Zuhura aniuliza baba alikuwa akimwandikia nani.

Jamani, nyie mngemjibu vipi?