Chupa Dirishani kwa Diwani

Mama mdogo ni diwani wetu, lakini ukimtafuta utamkuta kwenye cherehani. Kila wiki anashuka mtoni na kina mama wa mtaa kuokota takataka, na akirudi anakuja na chupa moja ya maji. Anaiweka dirishani kwenye kibanda chetu cha kushonea, inatazama barabara. Za mwanzo zilikuwa safi. Tangu kiwanda cha ngozi kifunguliwe zimekuwa kahawia, kisha kijani, na ya juzi nyeusi tii. Yeye hasemi kitu. Wapita njia wanauliza wenyewe. Maswali yakazidi mpaka baraza la madiwani likakubali kuja kukagua Ijumaa, na wataanzia hapo dirishani.

Jumatano akaingia bwana mmoja mwenye miwani ya jua, suruali mkononi.

"Ipunguze urefu, Diwani. Naifuata kesho." Akagonga chupa kwa ukucha. "Na huu uchafu nisiukute. Huyu binti si ndiye anapita nyuma ya kiwanda akitoka shule?"

Alikuwa anatabasamu, ananiangalia mimi. Nikasogea nyuma ya cherehani.

Alipotoka, mama mdogo akasema, "Zitoe." Nikazibeba. Sijafika mlangoni: "Zirudishe."

"Mama mdogo, amua basi!"

"Naogopa, mwanangu. Ulidhani diwani haogopi?"

Akaivuta ile suruali, akashona bila kuinua kichwa, cherehani inakimbia kama inafukuzwa.

Kesho yake shule sikwenda. Kinyozi wa jirani alikuwa kibandani akisubiri shati lake. Bwana miwani akaingia, akaziona chupa. Akachukua suruali, akaenda nyuma ya pazia kuijaribu.

Tukasikia kishindo. Akatokeza anarukaruka kwa mguu mmoja. Ule mwingine umekwama ndani: mama mdogo alikuwa ameufunga mguu wa suruali kwa chini, kama gunia! Miaka yote ya ushonaji, hajawahi.

"Lo! Umeziba kama mto wetu kwa takataka," kinyozi akasema.

Nilitaka kucheka, meno yakagongana.

"Unanifanyia mzaha, mama?"

"Siyo mzaha, ni woga," mama mdogo akajibu, sauti ile ile ya kumsomea mteja kipimo cha kiuno. "Jana umenitishia mtoto, mikono ikatetemeka. Ivue, nikufumulie."

"Amekutishia mtoto?" Kinyozi akasimama. Sauti yake ilifika barabarani. Vichwa vikaanza kuchungulia mlangoni.

Bwana akarudi nyuma ya pazia, akavaa suruali aliyokuja ameivaa, ile nyingine akaiacha, akapenya katikati ya watu bila kuaga.

Ijumaa baraza lilizikuta chupa zote, likaenda nazo kiwandani. Majibu bado. Sasa nikitoka shule kina mama wa mtoni wananisindikiza, mmoja mbele, mmoja nyuma, na bado gari likipunguza mwendo nawashika nguo.

Suruali imeshafumuliwa, imepigwa pasi, inaning'inia ukutani ikimsubiri mwenyewe. Kila mlango ukilia, mimi na mama mdogo tunaitazama kwanza.