Majani Mekundu Dirishani kwa Magokoro

Kila mteja akiniomba dawa ya kuongeza damu, kabla sijageukia rafu, macho yangu hukimbilia kwanza kwenye tangi la samaki lililo dirishani. Ni tabia mbaya kwa mtu wa duka la dawa, najua. Mgonjwa wa watu amechoka, macho yamempauka, nami natabasamu peke yangu kama aliyekumbuka kichekesho kanisani. Juzi mama mmoja aliniuliza kama namcheka. Nikamwambia hapana, mama, namcheka nyanya yangu. Basi nawe vuta kiti nikusimulie, maana mvua ya Kisii imeanza na hakuna atakayevuka barabara sasa hivi.

Nilikulia karibu na Kebirigo, upande wa Nyamira, nyumbani kwa nyanya, au magokoro kama tunavyosema kwetu. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, imezungukwa na majani chai. Ukishuka ulipita kwenye migomba, kisha ukatokea mahali peupe palipojaa jua, na hapo ndipo ilipokuwa chemchemi. Kushuka kulikuwa raha. Kupanda na ndoo kichwani, hilo lilikuwa jambo lingine. Maji yalitoka kwenye udongo mwekundu, yakatulia kwenye kidimbwi kisichofika magotini, na ndani ya maji yaliota majani membamba mekundu, mekundu hasa, yakiyumba polepole kufuata mkondo.

Magokoro ndiye aliyekuwa mlinzi wa chemchemi ile, ingawa hakuna aliyemchagua. Kila Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, kila nyumba iliyonywa pale ilimtuma mtu aje kusafisha. Tulizoa matope na majani makavu ya migomba, tukangoja maji yatulie, tukachota ya siku mbili. Huko juu chakula cha Jumamosi kilikuwa kinapikwa tayari, na harufu ya chinsaga, mboga yetu chungu, iliyotiwa maziwa ilitushukia mpaka chemchemini ikatukosesha utulivu. Magokoro alisimama ameikunja sketi, akituchunga tusije tukang'oa yale majani mekundu.

"Hiyo ni damu ya maji," alituambia. "Siku yakipauka, mjue maji yanaumwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi yake yote, na kwa kweli sikumbuki hata mmoja wetu akiugua tumbo.

Nilipokuwa darasa la sita, aliyepauka akawa yeye. Alianza kwa kupumzika mara mbili njiani, kisha akawa hawezi kushuka kabisa. Kwenye zahanati walisema damu yake imepungua, wakampa chupa ya dawa nyeusi yenye madini ya chuma, tamu kama asali, na wakamkataza mteremko. Akawa wa kulala tu kwenye chumba chake, ambacho, kama vyumba vingi vya udongo vya wazee, hakikuwa na dirisha. Tulipofika na ndoo alituuliza kutoka kitandani, "Bado ni mekundu?"

"Bado, magokoro."

Hakutuamini. Alijua watoto husema lolote ili waachiliwe wakacheze. Alishikilia kwamba chemchemi inaumwa naye anaumwa, na dawa akaikataa katakata. Uji wa wimbi aliurudisha umeganda kikombeni. Mama alianza kulia jikoni akisingizia moshi, nami niliogopa sana, kwa sababu sikuwahi kumwona mama akisingizia kitu.

Wakati huohuo mwalimu wetu wa sayansi alikuwa anahamishiwa Nyaramba. Alikuwa na tangi la samaki alilolitengeneza mwenyewe kwa vioo vya madirisha ya zamani ya shule, ameviunganisha kwa gundi iliyovujavuja pembeni. Hakuweza kulibeba. Nikamwomba anipe, nikamweleza kwamba kama magokoro hawezi kuiendea chemchemi, basi chemchemi itamjia. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, chukua. Lakini ukilivunja usiniambie."

Jirani yetu alilisukuma kwa wilbaro. Ujanani mwake alikuwa amefanya kazi ya kuchonga mawe huko Tabaka, na bado alikuwa na gunia la vipande vya mawe laini yaitwayo ya sabuni, vyeupe na vya waridi. Tukaweka udongo mwekundu wa chemchemi chini, mawe juu yake ili maji yasichafuke, tukapanda vikonyo vya yale majani, tukatia na visamaki viwili vidogo. Tangi likakaa kando ya kitanda. Magokoro aligeuka akalitazama mpaka chai yake ikapoa, na jioni hiyo alimaliza uji.

Furaha haikudumu. Baada ya muda majani yalianza kuwa ya kijani, kwanza nchani, kisha yote. Siku moja nikaona maji yamekuwa mazito, yananuka, visamaki vinahema juu. Nikanusa tena. Ilikuwa dawa ya damu. Alikuwa akiyamiminia majani kijiko asubuhi na kijiko jioni, kama alivyoandikiwa yeye.

"Yamepauka kuliko mimi," alijitetea. "Nitakunywaje mimi, na hayo yanakufa?"

Huo ndio utamu wa mtu yule. Hata sasa nikikumbuka nashindwa kujua kama nicheke au nilie. Tulimwaga kila kitu, visamaki tukavirudisha chemchemini, tukatia udongo na maji mapya. Yalibaki majani ya kikonyo kimoja tu ambayo hayakuwa yameoza.

Mwalimu alikuja kutuaga. Aliinama akachungulia tangi, akageuza kichwa kutafuta dirisha, asilione. Akasema dawa haihitajiki, udongo wa kwetu una chuma tele. Kinachohitajika ni jua, maana majani yale bila mwanga mkali hayawezi kuwa mekundu. Tukakubaliana tangi litolewe nje. Magokoro akakataa, alitaka kuliona. Basi jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia magokoro, "Mama, kwani ukuta huu ni wa mawe?" Akaenda kuchukua patasi na panga.

Ilikuwa Ijumaa. Alianza kutoboa akiwa na matumaini mengi, lakini ukuta wa zamani ule ulikuwa mgumu, na jua likazama shimo likiwa wazi, halina fremu wala ubao. Sabato ilikuwa imeingia. Jirani aliteremsha panga, akanawa mikono, akatutakia Sabato njema, akaenda zake. Hakuna aliyethubutu kumwambia amalizie. Mama alitundika gunia, na magokoro akalala na baridi yote ya Nyamira ikimpitia kichwani, akinung'unika kwamba tumempa chumba cha kuku.

Asubuhi niliondoa gunia. Jua liliingia moja kwa moja, likapita kwenye maji, likamwangukia magokoro usoni. Alifumba macho, akayafumbua. Niliona vumbi, buibui na mikunjo ya ngozi yake kana kwamba sijawahi kuingia chumbani humo. Hakwenda kanisani, lakini tuliporudi tulimkuta ameketi, mkono mmoja kwenye kioo cha tangi. "Leo nimehubiriwa na dirisha," alisema.

Kikonyo kile kilitoa jani jipya, na lile jani lilikuwa jekundu. Akaiomba chupa ya dawa mwenyewe. Akajimiminia kijiko, akaliambia tangi, "Wewe kunywa jua lako, mimi ninywe changu hiki kitamu." Kabla mwaka haujaisha alishuka chemchemini na fimbo, Ijumaa mchana, akatukuta tunacheza badala ya kusafisha, na sote tulijuta kumponya.

Alitutoka nikiwa sekondari. Nilipokuja mjini nilibeba vikonyo vitatu kwenye chupa ya jamu, na hayo unayoyaona dirishani ni watoto wao. Siku hizi yana taa yao. Nayakata ncha, nazipanda upya, nayapa maji ya mvua kwa sababu maji ya mfereji yana dawa. Stima ikipotea siku nyingi, nalisogeza tangi mpaka ligusane na kioo cha dirisha.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani na vikonyo kwenye chupa, nikitaka kuirudishia chemchemi mali yake. Nilikuta mikaratusi mirefu, iliyonyooka, ile miti inayonywa maji yote ya ardhini, na pale penye kidimbwi udongo mkavu wenye nyufa. Jirani, ambaye sasa naye ni mzee, alinikuta nimepiga magoti.

"Umepoteza nini, daktari?"

"Nilileta majani."

Aliitazama chupa, akaitazama miti yake. "Niliipanda nikidhani mti ni mti tu," alisema. "Wewe niambie, ningejuaje?" Mkono uleule ndio uliotoboa lile dirisha, na siwezi kumchukia. Alinisaidia kujaza debe la udongo mwekundu, nikarudi nao.

Uko chini ya mawe hayo unayoyaona tangini. Jioni nikifunga duka na kuzima taa zote isipokuwa ile ya tangi, namsikia magokoro waziwazi akiniuliza kutoka kitandani, nami namjibu kwa sauti, kwa Kigusii chetu, bado magokoro, bado ni mekundu. Kisha nangoja kidogo, kwa mazoea, akatae kuniamini.