Ukurasa wa Pili Ulibaki Ukutani

Gundi ya unga wa ngano ikiwa bado moto hunukia kama chapati ambayo haijaiva, na ikikutana na wino wa gazeti na udongo wa ukuta hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Kwetu Nyalenda, mjini Kisumu, harufu hiyo ilikuja mara moja kwa mwaka, mvua zikishapita na kuta zikakauka. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa za udongo na mabati, na mwanamke aliyeipenda nyumba yake hakuacha ukuta uchi. Alitafuta magazeti ya zamani, akapika gundi kwenye sufuria iliyochakaa, akatia mafuta ya taa kidogo ili mende wasiifanye chakula, kisha akabandika kuanzia chini ya mabati hadi sakafuni. Wale wadudu wadogo wa ziwani tunaowaita sam, ambao huinuka majini kama moshi, walinasa kwenye gundi mbichi kwa wingi. Hata leo nikikumbuka sura za wachezaji wa utoto wangu, nawakumbuka wakiwa na vidoa vyeusi mashavuni.

Baba alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Mwenye duka alinunua magazeti kila siku, akaanza kuyasoma kutoka nyuma, kwenye michezo, na yakishazeeka alimpa baba mzigo mzima aje nao nyumbani. Kabla ya mama kupika gundi, mzigo huo ulikuwa wangu. Nilikuwa darasa la sita, tena msomaji wa polepole, wa kufuata maneno kwa kidole. Nilisoma kila kitu: mpira wa miguu, mieleka, ndondi, magari ya mashindano yaliyorudi yakiwa yamefunikwa na matope, bendi za benga zilizovunjika kwa sababu mpiga gitaa na mwimbaji hawasalimiani. Hatukuwa na televisheni. Mieleka niliitazama kwa jirani kupitia dirishani, nikiwa nimebanwa na vichwa vya watoto wengine, lakini gazetini mwanamieleka alitulia, nikamtazama nitakavyo. Darasani sikuwa mtu wa kusema. Mwalimu akiuliza swali niliinamisha kichwa hadi amtaje mwingine, hata jibu likiwa mdomoni. Majirani wengine walidhani nina kasoro ya kusikia. Furaha yangu yote ilikuwa katika mambo ambayo hayakuniuliza swali: nani kafunga, nani kahama timu, nani kavaa suruali gani jukwaani.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule mama alipokuwa mgeni mtaani. Sisi wengine tulikuwa na baba mjini tangu zamani, mimi kwa sababu ya shule, lakini mama alibaki Ahero akilima mpunga mpaka maji yalipoingia ndani ya nyumba na kuiangusha. Alikuja Nyalenda na godoro lililolowa na cherehani isiyozunguka tena. Akajiunga na akina mama wa maombi wa kanisa letu, ambao walikutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Nyumba kwa nyumba walizunguka, na zamu ya mama ilipofika ikarukwa. Ilipofika tena ikarukwa tena. Mwenyekiti wao, Mama Rispa, alikuwa mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani kilichokazwa barabara. Alisema tu kwamba ni vizuri mama apumzike kwanza. Lakini kisimani mama alisikia wakimwita “yule wa mafuriko”, kana kwamba maji yalikuwa bado yanamdondoka. Mwishowe wakakubali kuja, na mama akaamua kwamba watakuta nyumba ambayo hawataweza kuisema.

“Achieng’,” aliniambia siku ya kubandika, “sebuleni sitaki mwanamume mwenye mapaja wazi. Sitaki hao wanaokunjana kama nyoka. Na huyu dada mwenye sketi ya kiganja, mpeleke mbali.”

“Nimpeleke wapi, Mama?”

“Chumbani. Akalale na baba yako.” Kisha akashika mdomo na kucheka, nami nikacheka, kwa sababu haikuwa kawaida yake kufanya mzaha wa namna hiyo.

Anayebandika magazeti ana kazi moja ngumu, nayo ni kuchagua. Karatasi ina nyuso mbili na ukuta una nafasi ya uso mmoja. Upande unaouona leo utauona mwaka mzima, na upande ulioupaka gundi umeuaga. Mama hakuhangaika kusoma. Alitazama picha. Mahindi, ndiyo. Askofu, ndiyo. Mchezaji wa mpira akiwa hewani, geuza. Kwa njia hiyo akalifikia gazeti moja ambalo mimi nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mama mzee ameketi mlangoni pake, kitambaa kichwani, mikono imetulia mapajani. Ukurasa wa pili ulikuwa na mwanawe akikimbia na kaptula. Mama hakusita. Alipaka gundi juu ya yule kijana, akamweka mama mzee katikati ya ukuta, juu kidogo ya kiti cha wageni, akapapasa kwa kitambaa hadi mikunjo ikaisha. “Huyu anafanana na mtu wa kanisa,” alisema.

Nilitaka kumwambia. Yule mzee alikuwa mama yake Nyuki, winga wa kushoto wa timu ya mji wetu, aliyetoroka kambini siku chache kabla ya fainali, mji mzima ukamtukana redioni na sokoni. Mwandishi wa gazeti alikuwa amemtafuta mama yake hadi akampata. Herufi kubwa juu ya picha zilisema: MWANANGU ALINIAMBIA KWA NINI. Habari ikateremka hadi chini ya ukurasa, ikafika pale mama anapoanza kueleza, na ikakatika: inaendelea ukurasa wa pili. Lakini gundi ilikuwa imeshashika, na sauti yangu, kama kawaida, ilichelewa.

Akina mama walikuja wakajaza viti, wengine wakaketi kwenye mkeka. Kwa kuwa mmoja wao alikuwa Mluhya, waliongea Kiswahili chetu cha Kisumu, kilichotiwa Kidholuo kila kona. Waliimba, wakasoma Biblia, wakaanza kuomba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, na wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa Mama Rispa. Alikuwa ameinua uso kama anayetazama mbinguni, ila mbingu yake ilikuwa kwenye mama mzee wa gazetini, na midomo yake ilikuwa ikisoma. Alifika chini ya ukurasa. Akarudi juu. Akafika chini tena. “Amina” ilipotoka, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiitikia.

“Mama Achieng’,” alisema kabla chai haijamiminwa, “huyu si mama yake Nyuki?”

“Nani?” mama akauliza.

“Nyuki! Yule mjinga aliyetutoroka. Hapa wanasema alimwambia mama yake kwa nini. Alimwambia nini?”

Mama alitazama ukuta kama mtu aliyeona ufa. “Imeandikwa hapo, sivyo?”

“Imeandikwa ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili uko wapi?”

“Uko nyuma ya huo,” alisema yule mama Mluhya, akacheka. “Mama Achieng’ amempa ukuta asome!”

Wote walicheka, na niliona shingo ya mama ikiingia mabegani. Mama Rispa hakucheka. Alikuwa ameshainuka. Alichovya ncha ya kitambaa cha mkononi kwenye maji ya kunawa mikono, akapanda kwenye stuli, akaanza kulowesha pembe ya gazeti. “Ikilainika itatoka,” alisema. “Niletee kisu kidogo cha mezani, nyathina.” Nyathina, yaani mtoto wangu, ndiye mimi. Nikamtazama mama. Hakuweza kumkataza mwenyekiti, wala hakuweza kumruhusu. Angebandua karatasi ile na kipande cha udongo kingeng’oka nayo, na tundu lingebaki katikati ya ukuta wa yule wa mafuriko, mbele ya macho yao wote. Mama alikuwa ameushika upindo wa leso yake na kuukunja, kuukunja.

“Naujua,” nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikaweka birika chini.

“Ukurasa wa pili naujua. Nimeusoma.”

“Yawa! Kumbe anaongea,” mtu alisema mkekani.

Mama Rispa aligeuka juu ya stuli, kitambaa kikidondosha maji. “Sema basi.”

Nikasema. Nilianza nikitazama miguu yangu. Nilisema kwamba maji yaliingia Ahero usiku, na Nyuki akapata habari akiwa kambini. Kocha alimwambia asubiri fainali ipite. Hakusubiri. Alimkuta mama yake amesimama juu ya kitanda, amekumbatia kuku, akambeba mgongoni hadi barabarani. Mama yake alimlaumu, akamwambia timu itafanyaje bila yeye. Hapo niliinua macho, kwa sababu maneno yenyewe niliyajua kama yalivyochapishwa: “Mama, timu ina wachezaji wa akiba. Wewe huna mtoto wa akiba.”

Mama Rispa aliteremka kwenye stuli polepole, akaketi, akamtazama mama yangu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama bila kuangalia kwanza amevaa nini.

“Na wewe,” alimuuliza, “nani alikubeba?”

“Nilitembea,” mama alisema. “Nilishika mkia wa ng’ombe wa jirani.”

Basi akina mama wakataka kusikia habari ya ng’ombe huyo, na mama akawaeleza, mwanzo kwa aibu, baadaye akisimama na kuonyesha maji yalifika wapi kifuani. Chai ikapoa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla ya siku hiyo. Ilipokwisha, yule mama Mluhya akanigeukia: “Lakini fainali tulishinda? Mimi wakati ule nilikuwa mgonjwa.” Nikasema matokeo yapo, yamebandikwa. “Wapi?” Nikanyoosha kidole chumbani kabla sijafikiri. Walikwenda wote, Mama Rispa mbele, mama nyuma akiwaomba wamsamehe kwa kitanda. Wakayaona matokeo: tulifungwa, moja kwa bila. Wakawaona pia wanamieleka wote niliowaficha huko, na yule dada wa sketi juu ya mto wa baba. Mama Rispa alisimama mbele ya mwanamieleka mmoja mnene kuliko wote, akamkagua juu hadi chini. “Huyu naye,” alisema, “mama yake anajua ametoka hivi?” Mama yangu alicheka mpaka akaketi kitandani.

Tangu siku hiyo zamu yetu haikurukwa. Na mwaka uliofuata, kabla ya kila karatasi kupakwa gundi, mama aliuliza, “Achieng’, nyuma kuna nini?” Nilipofika darasa la nane shule iliisha, karo haikuwepo, na miaka mingi baadaye nilijifunza kompyuta katika saibakafe nilikokuwa nikifagia. Sasa natengeneza tovuti, nyingi za timu ndogo za mpira na za bendi, kwa sababu kazi hizo nazipenda na wenye tovuti za maana huogopa utani wangu. Kurasa zangu hazina mgongo. Msomaji anagusa neno na habari inaendelea, hata mara elfu, wala hakuna ukuta unaoharibika. Ni jambo zuri, sitalisema vibaya. Ila sijawahi kuona watu wakihama chumba kwa pamoja ili kujua nani alishinda.

Majuzi nilimpelekea mama simu, nikamwonyesha tovuti niliyoimalizia timu moja ya wasichana wa Ahero. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akafika chini palipoandikwa “endelea kusoma”. Nikamwonyesha pa kugusa. Alikitazama kitufe, akanirudishia simu, akajiegemeza kitini na kukunja mikono.

“Hapana,” alisema. “Sema wewe.”