Mawe Juu ya Kihombo

Efraimu Mgaya hakuwa mwalimu, lakini mji mzima wa Njombe ulimwita Mwalimu, naye hakuwahi kumkataza mtu. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, kibanda cha mabanzi kilichonuka mbao mbichi na gundi, na milango mingi ya mji ule ilitoka mikononi mwake.

Jina la Mwalimu alilipata kwa ajili ya matembezi. Yalianza mwaka 1951, miche ya miwati ilipokuwa ikipandwa vilima kwa vilima. Siku moja alisimama akatazama trekta likilima mahali palipokuwa na ngome ya zamani, pale bibi yake alipozaliwa. Jua lilipotua hapakuwa na dalili kwamba mtu aliwahi kuwasha moto mahali pale. Kitu kile kilimuuma. Akanunua daftari, akawafuata wazee nyumbani kwao mmoja mmoja, akaandika waliyomwambia. Kisha kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi akawa anawakusanya watu sokoni na kuwatembeza: kwenye kisima cha zamani, njia ya wapagazi, mahandaki ya ngome iliyosalia, makaburi. Hakumtoza mtu hata senti. Kila mahali alisimika nguzo yenye jina lililochomwa kwa chuma cha moto, ili trekta likija, dereva ajue anakanyaga nini.

Sasa, nje ya mji, juu kidogo ya kijito, palikuwa na rundo la mawe. Wazee walimwambia neno moja tu kuhusu rundo lile: “Hapo alizikwa Kihombo, mwaka wa vita vya Maji Maji.” Alipowauliza Kihombo alikuwa nani, walitikisa vichwa.

Mwaka wa pili wa matembezi, walifika pale mvua ikinyunya. Watu walikuwa wamechoka, wengine wamekwisha kugeuka kurudi. Efraimu akaona hadhira inamponyoka. Akasema, “Huyu Kihombo ndiye aliyewaonyesha Wajerumani njia ya mafichoni kwa watu wetu.”

Wote wakageuka. Mwanamume mmoja akaguna kwa hasira. Mtoto akauliza, “Alipewa nini, Mwalimu?”

“Chumvi,” akajibu Efraimu. “Bakuli moja la chumvi na kipande cha kaniki.”

Mtoto yule akaokota jiwe akalitupa juu ya rundo, na wenzake wakafuata. Tangu siku ile watu walikuwa wanauliza tangu wakiwa sokoni, “Leo tutafika kwa msaliti?” Mwezi hadi mwezi hadithi ikanenepa, na rundo nalo likanenepa. Kornelio, mwalimu wa kweli wa shule ya misheni ya Wakatoliki, akawa analeta darasa zima. Bwana Shauri mwenyewe, Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuja mara moja, akamshika Efraimu mkono mbele za watu. Efraimu alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama aliyepewa uchifu.

Jumamosi moja ya mwaka 1954 alikuja mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzee, ameshika fimbo, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Alitembea nyuma ya wote. Walipofika kwenye rundo, Efraimu alisimulia kama kawaida yake, chumvi, kaniki, na kilio cha watu waliokamatwa. Watoto wakatupa mawe. Mama yule akapita katikati yao, akaweka kiganja juu ya nguzo.

“Kamwene, Mwalimu,” alimsalimu kwa Kibena, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili wote wasikie. “Nani alikuambia habari hizi?”

“Wazee, mama.”

“Wazee gani? Wataje.”

Daftari lilikuwa kwapani mwa Efraimu. Alijua mna mstari mmoja tu humo kuhusu Kihombo. Watu arobaini walikuwa wanamtazama.

“Wamekwisha kufa,” akasema.

“Haya.” Mama yule alitikisa kichwa taratibu. “Mimi naitwa Telesia. Natoka Lyamkena, kule Makambako. Huyu unayemtupia mawe ni baba yangu. Vita vilipokwisha tukawa na njaa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikwenda mbali kututafutia mbegu, akaanguka hapa, mfuko wa ulezi begani. Tulimzika hapa hapa, tukaotesha mbegu zile zile. Baba hakuwahi hata kumwona Mjerumani kwa karibu.”

Kornelio alikuwa amevua kofia.

“Wanafunzi walirudi likizo na hadithi yako,” akaendelea Telesia. “Mjukuu wangu Paskalina alikuwa ameposwa. Wakwe wakasema hawataki damu ya msaliti, posa ikavunjwa. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu.”

Akaondoka peke yake kwa njia ile ile waliyojia. Efraimu hakumfuata. Alibaki amesimama mpaka watu walipoanza kutawanyika wawili wawili wakinong’ona.

Wiki ile kazi haikwenda. Mkewe, Fidelia, aliingia karakanani akamkuta amepiga randa ubao mmoja hadi umekuwa mwembamba kama karatasi.

“Mlango wa nani huo?” akauliza.

Efraimu akaweka randa chini. “Fidelia, ile hadithi niliitunga.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Mara ya kwanza uliponisimulia kaburi lile, hapakuwa na Mjerumani. Mara ya pili akawapo. Nilidhani utaona aibu mwenyewe.”

Maneno yale yalimchoma kuliko ya Telesia. Miaka miwili alikuwa amejivuna mezani pake mbele ya mtu aliyejua.

Siku ya tatu alipanda lori kwenda Makambako, amekaa juu ya magunia ya pareto. Alianzia kwa Dionis, baba wa kijana aliyekuwa ameposa. Dionis alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo hapakuwa na usaliti,” akasema Dionis.

“Hapakuwapo. Ni mimi na mdomo wangu.”

“Mwanangu Filbert ana mchumba mwingine. Matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Ungekuja mapema, mzee. Nasi tungeuliza kabla ya kuamini. Umetutia aibu, na aibu yetu wenyewe tunayo.”

Kutoka hapo hadi kwa Telesia hapakuwa mbali, lakini miguu ya Efraimu iliona ni mbali. Paskalina ndiye aliyefungua mlango. Alimletea maji ya kunywa kama mgeni yeyote, akaenda zake jikoni, na Efraimu akashindwa kuyanywa.

Alipotaka kupiga magoti, Telesia alimzuia. “Magoti yako yatanisaidia nini hapa ndani? Hapa husikiki. Njoo useme pale pale uliposema.”

Jumamosi ya matembezi iliyofuata walikuja watu wengi kuliko siku zote, maana habari zilikuwa zimeenea. Efraimu alisimama kando ya rundo, akavua kofia, akasema kwamba alitunga, kwamba hakuna mzee aliyemwambia, na kwamba alipoulizwa aliongeza uongo wa pili. Kisha akasimulia habari za mbegu za ulezi, akasema amezisikia kwa Telesia binti Kihombo, aliye hai, aliyesimama pale.

Mwanamume mmoja akapaza sauti. “Na ile ngome? Nayo ulitunga?”

“Ile ni kweli.”

“Tutajuaje?”

Wengine walicheka, wengi wakaondoka.

Waliobaki walianza kuyaondoa mawe ya dharau. Waliondoa machache tu, wakakwama. Mawe yalikuwa yamechanganyika. Kornelio alimuuliza Telesia yapi waliyaweka ndugu zake siku ya mazishi. Mama yule aliinama, akagusa moja, akagusa jingine, akaliacha. “Sijui,” akasema. “Yote yamefanana sasa.” Wakaliacha rundo lilivyo. Efraimu alimwona akijifuta macho kwa upindo wa khanga, akageuza uso.

Aliendelea kutembeza watu, saba, nane, mara nyingine watatu. Kila mahali alitaja jina la aliyemwambia, na pasipo na jina alisema hajui. Mtu akimwita Mwalimu, alisema, “Mimi seremala.”

Mwaka uliofuata ilikuja barua kutoka Lyamkena. Paskalina anaolewa na kijana wa Matembwe, na Telesia anamwalika Efraimu na mkewe. Fidelia akapiga pasi khanga zake. Asubuhi ya safari alimkuta mumewe bado na nguo za kazi.

“Nenda tu,” akasema Efraimu. “Mimi nina jeneza la kumalizia.”

Fidelia alitupa jicho karakanani. Hapakuwa na jeneza. Akajifunga khanga, akachukua kikapu, akaenda stendi peke yake.