Kitabu Kilichokuwa kwa Karani wa Same

Enzi zetu kule Shighatini, Mwingereza bado anatawala, kitabu kimoja cha hesabu tulikisoma wanafunzi sita, vichwa vimegusana, na ukigeuza ukurasa kabla wenzako hawajamaliza unapigwa kiwiko. Tulikwenda shule miguu peku kwenye umande, mfukoni kiazi cha kuchoma: asubuhi kinakupasha joto, mchana ndicho chakula. Wajukuu zangu wakikosa mtandao nusu saa wanasema wanateseka.

Nilikuwa darasa la saba nilipomaliza aljebra yote ya darasa la nane. Nikampelekea Mwalimu Zefania daftari. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akalifunga taratibu.

"Mwanangu Namsifu, kitabu kimekwisha," akasema, "na mimi nimekwisha pamoja nacho."

Kilichobaki kilifundishwa sekondari, na sekondari ya wasichana yenye hesabu hizo hakuijua. Lakini mjini Same alikuwapo karani wa wapima ardhi, mtu aliyesoma mbali, mwenye kitabu cha hesabu za juu. Kumwomba baba anipeleke ndiko kulikonitisha. Kuna familia ilikuwa imeshaleta salamu za posa nyumbani kwa ajili yangu, na baba alikuwa hajawajibu. Mwalimu ndiye aliyekuja kuniombea, na baba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tutakwenda mara moja tu," akasema. "Karani akikataa, habari ya vitabu iishie hapo, na wale watu nitawajibu."

Mama alitufungia makande kwenye jani la mgomba. Tuliteremka mlima alfajiri, tukapata lori la mkonge lililokuwa likielekea Same. Dereva alisema atarudi saa tisa na hatamsubiri mtu.

Karani tulimsubiri sana. Alipotupokea, alinitazama miguu yenye vumbi jekundu, akamtazama baba.

"Kitabu hiki si cha watoto," akasema. Kisha akanisukumia karatasi na penseli. "Mtu ana kamba ya hatua arobaini. Anataka kuzungushia zizi la mstatili pande tatu, upande wa nne ni ukuta. Aikateje apate zizi kubwa kuliko yote?"

Akarudi kwenye ramani zake. Nikajaribu ubavu unaotoka ukutani, wa hatua tano, nane, kumi, kumi na mbili. Kumi ukashinda zote. Nikamwonyesha.

"Umejuaje kwamba kumi na nusu haitashinda?"

Baba akajisogeza kwenye benchi. Nje lori likapiga honi.

Niliandika herufi badala ya namba, nikapanga, nikafuta, nikapanga upya kama alivyonifundisha mwalimu, mpaka nikaiona: mia mbili, toa mara mbili ya mraba wa tofauti kati ya ubavu na kumi.

"Ukizidi kumi unapoteza," nikasema. "Ukipungua unapoteza vilevile. Hata kwa nusu, hata kwa robo."

Honi ya pili. Karani akasoma karatasi yote.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Mwalimu Zefania wa Shighatini."

Akatoa kitabu kabatini, akakiweka mbele ya baba. "Humu kuna njia fupi kuliko yake, inaitwa kalkulasi. Mpelekee mwalimu wake, mzee. Mwakani mnirudishie."

Baba alikipokea kwa mikono miwili, tukakimbia. Lori lilikuwa limeanza kuondoka. Utingo alinivuta mkono. Tulipoanza kupanda mlima ndipo aliposema, bila kugeuka, "Wale watu nitawaambia wasisubiri."

Sekondari sikuipata. Nilipelekwa chuo cha ualimu, na hesabu nikazifundisha mpaka nikastaafu. Siku hizi mjukuu wangu ana masomo yaleyale kwenye simu, mtu wa nchi ya mbali anamweleza kwa michoro ya rangi, naye anasinzia. Nafurahi kwamba hatakimbilia lori.

Lakini naikumbuka Jumatatu iliyofuata safari ile. Mwalimu Zefania alifungua ukurasa wa kwanza wa kitabu, akausoma mara mbili, asiuelewe. Akavuta kiti chake kutoka mbele ya darasa, akaja kuketi upande wangu wa dawati.

"Haya," akasema, "tuanze wote."

Simu ya mjukuu wangu inajua majibu yote. Naye anasoma peke yake.